Kufuga gayogayo na mikunga nyumbani, hapa Bukavu

Mtoto wa dada yangu alipoingia sebuleni kwangu mara ya kwanza, aliganda mbele ya akwariamu kisha akaita: "Mujomba, kuja uone! Samaki moja walimukanyaga!" Hakukanyagwa na mtu. Alikuwa gayogayo, amelala juu ya mchanga kama chapati, macho yote mawili upande mmoja, anatutazama kama sisi tulivyokuwa tunamtazama.

Gayogayo ni neno la watu wa pwani. Wengine humwita wayo, na ukigeuza mguu wako ukautazama chini utaelewa kwa nini. Sisi huku hatuna jina letu kwa sababu samaki mwenyewe hatuna: ziwa Kivu hayumo, mto Ruzizi hayumo, ziwa Tanganyika hayumo. Mkunga tunamjua kidogo, ila samaki yeyote mrefu tunamwita nyoka na kumkimbia. Haya niliyoandika ni ya yule asiyekimbia. Ukiwa na haraka, ruka utakapopenda, lakini sehemu ya maji isome yote. Hapo ndipo nilipoulia samaki.

1. Jua kwanza unamnunua nani

Muuzaji atakuambia "huyu ni mkunga wa maji baridi," nawe utalipa. Muulize: mkunga yupi? Wako wengi wanaotembea na jina hilo.

Mkunga wa kweli ni wa jenasi Anguilla. Huzaliwa baharini, huingia mtoni akiwa mdogo na mwangavu kama uzi wa kioo, hukaa huko miaka mingi, halafu hurudi baharini kuzaa na kufa. Katika mito ya mashariki inayomwaga maji Bahari ya Hindi, kama Tana, Rufiji na Zambezi, wanapatikana wa aina nne: Anguilla mossambica, A. marmorata, A. bengalensis na A. bicolor. Sasa fuata maji yetu: yanatoka Kivu, yanashuka na Ruzizi mpaka Tanganyika, yanatokea Kalemie kwa mto Lukuga, yanaingia mto Kongo na kuishia Atlantiki. Pwani ile ya Atlantiki, kuanzia Ghuba ya Gine kwenda kusini, haina Anguilla. Kwa hiyo mtu akikuletea mkunga wa kweli "aliyevuliwa Ruzizi", ama hajui anachouza ama anakupima akili.

Wa pili ni mkunga-miiba, wa familia ya Mastacembelidae. Kwa ukoo si mkunga hata kidogo. Umbo tu ndilo limefanana. Utamtambua kwa pua ndefu inayochezacheza kama mkonga wa tembo, na kwa safu ya miiba midogo iliyosimama moja moja mgongoni mbele ya pezi. Pitisha kidole kutoka mkiani kuelekea kichwani nawe utajua miiba hiyo ni ya nini. Tanganyika peke yake ina zaidi ya aina kumi za hawa ambazo haziko ziwa lingine lolote duniani, kati yao Mastacembelus ellipsifer, M. moorii na M. platysoma. Kwa mtu wa Bukavu huyu ndiye chaguo la akili: ni jirani yetu wa Uvira, na maji yake ni ndugu wa maji yetu.

Kisha kuna wanaofananishwa. Channallabes apus ni kambare mwembamba wa bonde la Kongo. Ana sharubu, mkunga hana. Kamongo ana mapezi kama kamba nne na meno ya kukata kidole. Yule wa umeme wa Amerika Kusini naye si mkunga, na sioni sababu ya mtu kumweka kwenye nyumba yenye watoto.

Kwa gayogayo, swali ni moja tu: ni wa maji baridi kweli, au amepita huko safarini? Wengi wanaouzwa kama wa maji baridi ni wa midomo ya mito, pale maji ya mto yanapokutana na bahari. Trinectes maculatus wa pwani ya mashariki ya Marekani hupanda mtoni mbali sana akiwa mdogo, lakini akikua hutaka chumvi kidogo. Brachirus panoides wa kusini-mashariki mwa Asia naye hukaa mito ya chini na midomo yake. Wa maji baridi kabisa wako: Hypoclinemus mentalis wa Amazon, Catathyridium jenynsii wa Paraná na Paraguay, na hata Afrika tunaye mmoja, Dagetichthys lakdoensis wa mto Benue, ingawa huyo sijawahi kumwona akiuzwa. Usikubali jina la dukani. Omba jina la kisayansi, na kama hakuna, omba angalau jina la nchi alikotoka.

(Na tusichanganyikiwe na lugha yetu wenyewe: "maji baridi" maana yake ni maji yasiyo na chumvi ya bahari. Samaki wengi wa maji baridi hufa wakipata baridi.)

2. Chagua mmoja wao

Wanaoanza hutaka wote wawili kwenye kioo kimoja. Mimi nasema usifanye hivyo. Wote hulala chini, wote hula usiku, wote hutafuta mnyoo uleule, na mkunga ana pua bora na mwendo bora. Gayogayo atabaki amelala vizuri juu ya mchanga, mzuri wa kutazama, huku anakonda. Na mkunga akikua, gayogayo mdogo ni chakula tu.

Majirani wa kuwaweka nao wawe wa tabaka la juu, wapole, wasioshuka kugombea chakula. Samaki wenye tabia ya kudonoa mapezi waache dukani.

3. Kioo na mahali pa kukiweka

Gayogayo hana haja na kina, anahitaji uwanja. Mkunga-miiba vilevile. Kioo changu nilitengenezewa na fundi vioo: sentimita 120 kwa 50, kimo 40. Ukijaza mpaka juu ni lita 240, yaani mabidoni kumi na mawili ya lita 20. Mwambie fundi atumie silikoni ya kawaida isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, maana dawa hiyo huua samaki, kisha kiache kikae wiki nzima kabla ya kutia maji.

Sasa piga hesabu ya uzito. Maji, mchanga, kioo na meza yake vinapita kilo 300. Nyumba ya mbao iliyosimama mteremkoni, kama zilivyo nyingi Kadutu, haitabeba mzigo huo katikati ya sakafu. Weka kwenye saruji, pembeni mwa ukuta imara, juu ya meza fupi na pana. Sisi tuliokuwepo tarehe 3 Februari 2008 hatuhitaji kukumbushwa kwamba ardhi hapa hutikisika. Meza ndefu nyembamba ni kuomba mafuriko sebuleni. Chini ya kioo tandika povu la unene wa sentimita moja.

4. Mchanga, na lile jiwe jeusi la Goma

Mchanga uwe laini, chembe chini ya milimita moja. Gayogayo hujifukia kwa kupepea mapezi yake ya pembeni mpaka yabaki macho mawili tu, na upande wake wa chini, ule mweupe, hauna ulinzi. Kokoto humchubua, mchubuko huoza. Mkunga-miiba naye hupiga mbizi mchangani kama sindano, pua ikabaki nje. Kwenye kokoto atajaribu hivyohivyo na kujichana.

Chota mchanga wa mto, upepete kwenye chandarua, uoshe. Mimi niliosha mara kumi na tatu kabla maji hayajatoka meupe. Kina cha sentimita 5 kwa gayogayo, 8 kwa mkunga-miiba, kisizidi hapo. Mchanga mzito sana huoza chini na kutoa harufu ya yai bovu.

Nyumba nyingi hapa zina pambo la jiwe la volkano kutoka Goma, na kila mtu hutaka kuliweka ndani ya akwariamu. Linapendeza, lakini lina makali. Usiliweke chini samaki hawa wanapopita. Livunjevunje, lichemshe, ulitie ndani ya kichujio: matundu yake ni makao bora ya bakteria tutakaowahitaji hatua inayofuata, na halina gharama. Mapango ya mkunga tengeneza kwa vipande vya tiyo (bomba) ya plastiki ya milimita 40 au 50, ukiwa umesugua kingo zake kwa msasa. Atakaa humo mchana kutwa, na siku ya kumhamisha utaziba ncha mbili kwa viganja na kumbeba na nyumba yake. Usimwinue kwa wavu. Miiba yake hunasa na yeye hujikunja mpaka avunjike.

5. Maji

Ziwa liko chini ya mlango wetu, na maji yake si ya kawaida. Uso wa Kivu una pH (kipimo cha uasidi wa maji: 7 ni katikati, chini yake ni uasidi, juu yake ni kinyume chake) ya karibu 9, na kila lita ina takriban gramu moja ya chumvi zilizoyeyuka, bikaboneti na magnesiamu zikiwa nyingi. Sehemu kubwa ya chumvi za Tanganyika imeshuka kutoka hapa kwa Ruzizi. Ndiyo maana mkunga-miiba wa Uvira akiwekwa kwenye maji ya Kivu hajihisi mgeni. Wakati wafugaji wa Ulaya wananunua unga wa chumvi ili kuigiza maji ya Tanganyika, wewe unachota kwa bidoni.

Chota mbali na mifereji, mbali na wanaofua, asubuhi kabla ya upepo kuvuruga pwani. Gesi ya Kivu inayoogopwa imo kwenye vina vikubwa. Maji ya juu hayana neno. Bidoni lisiwe lililobeba mafuta ya petroli hata siku moja.

Kwa mkunga-miiba wa Tanganyika tumia maji ya ziwa matupu, au robo tatu ziwa na robo mvua. Kwa Trinectes na Brachirus changanya nusu kwa nusu na maji ya mvua au ya bomba, kisha wakikomaa ongeza chumvi ya bahari ya akwariamu gramu 2 hadi 5 kwa lita. Chumvi ya kupikia ni chumvi moja tu, haitoshi kazi hiyo. Hypoclinemus wa Amazon hataki Kivu kabisa: huyo ni wa maji ya mvua na bomba. Maji ya mvua yaliyotoka kwenye mabati, acha dakika ishirini za kwanza zipite ndipo ukinge. Maji ya bomba yaache siku nzima kwenye ndoo wazi na pampu ya hewa ili klorini iondoke.

Sasa sikiliza hili la amonia. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hugeuka amonia. Ndani ya maji amonia huwa na sura mbili: moja ni sumu kali, nyingine si kali sana. Kinachoamua ni pH. Kwenye nyuzi 25, maji ya pH 7 yana chini ya asilimia moja ya amonia ikiwa katika sura ya sumu. Kwenye pH 8 ni kama asilimia 5. Kwenye pH 9 ni zaidi ya theluthi. Uchafu uleule ambao mtu wa Kisangani, mwenye maji ya pH ya chini, angeusamehe, Bukavu unaua. Kwa hiyo usiingize samaki kabla kichujio hakijakomaa. Tia maji, mchanga, washa kichujio, tupia punje chache za chakula kila siku, na ukipata sponji chafu kutoka kwa mfugaji mwenzako ikamulie humo. Bakteria wa kwanza watageuza amonia kuwa nitriti, wa pili watageuza nitriti kuwa nitrati isiyo na madhara makubwa. Kazi hiyo huchukua wiki nne hadi sita. Pima kwa dawa za kupimia. Amonia na nitriti zote zisome sifuri siku kadhaa mfululizo. Macho hayapimi, maji maangavu yanaweza kuwa sumu tupu.

Baada ya hapo badilisha robo ya maji kila wiki. Kwa kioo changu ni mabidoni matatu. Anayekaa juu ya mlima amlipe kijana wa kubeba, au apunguze ukubwa wa kioo kabla ya kuanza.

6. Siku ya kumleta

Kabla ya kulipa, omba alishwe mbele yako. Muuzaji akisema "amekula asubuhi," rudi kesho asubuhi. Mkunga mwenye njaa ana kichwa kikubwa na mgongo mkali kama kisu. Gayogayo ni mgumu zaidi kusoma: tazama nyuma ya kichwa, pale tumbo lilipo, pakiwa pamebonyea, na mifupa ikionekana kama miti ya mwamvuli, muache.

Gayogayo wangu wawili wa kwanza walitoka Nairobi, siku mbili njiani ndani ya mifuko ya plastiki yenye oksijeni. Nilikuwa nimejifunza kwamba samaki huzoeshwa polepole, kwa hiyo nikafungua mifuko, nikaimimina kwenye beseni, na kwa mpira mwembamba nikaanza kudondosha maji ya ziwa, tone kwa tone, saa mbili, kwa upendo wote. Baada ya saa moja mmoja alianza kujipindua, upande mweupe juu. Wa pili alikwama kwenye ukuta wa beseni, mdomo wazi, mapezi yanatetemeka kama karatasi. Jioni nilikuwa sina samaki.

Nilichokuja kuelewa baadaye ni hiki. Ndani ya mfuko uliofungwa samaki hupumua, kaboni dioksidi hujaa, pH hushuka. Kinyesi hujaa pia, lakini kwa kuwa pH iko chini, amonia yote imelala katika ile sura isiyo kali. Unapofungua mfuko gesi hutoka, na unapodondosha maji ya pH 9 juu yake, unaiamsha amonia ya siku mbili kwa mkupuo. Kila tone nililodondosha lilikuwa sumu niliyoitengeneza mwenyewe.

Kwa hiyo fanya hivi. Andaa kioo kidogo cha karantini chenye kichujio kilichokomaa, ukitie maji ya bomba au ya mvua yenye ziwa kidogo, pH kati ya 7 na 7.5. Elea mfuko juu yake dakika 15 hadi 20, bado umefungwa, ili joto lilingane. Ufungue, mtoe samaki kwa kibakuli, mtie kioo kipya mara moja. Maji ya mfuko yamwage chooni, hata tone lisiingie. Halafu siku zinazofuata ongeza maji ya ziwa kidogo kidogo, kikombe asubuhi, kikombe jioni, kwa wiki mbili au tatu, mpaka ulingane na kioo kikubwa. Mkunga-miiba kutoka Uvira, safari ya saa chache, hana matatizo hayo. Huyo mdondoshee maji kwa utaratibu wa kawaida.

7. Chakula

Samaki hawa hufa kwa njaa kuliko kwa ugonjwa, na hufa ndani ya akwariamu yenye chakula. Vipande vya chakula kikavu vinavyoelea huliwa na wenye mbio wa juu. Gayogayo haendi kutafuta. Husubiri mpaka kitu kipite mbele ya pua yake.

Chakula bora hapa ni mnyoo wa udongo, na Bukavu imebarikiwa minyoo. Chimba chini ya migomba, mahali pasiponyunyizwa dawa. Waweke siku moja kwenye majani mabichi ili watoe udongo tumboni, waoshe, wakate vipande vya ukubwa wa punje ya mchele kwa gayogayo, vya sentimita moja au mbili kwa mkunga. Viluwiluwi vya mbu ni vizuri mno, ila ndoo ya kuwakuza ifunikwe kwa chandarua na imalizwe kila baada ya siku nne, usije ukawafugia majirani malaria. Vile vifunza vyekundu vya kwenye matope ya ukingo wa ziwa ndivyo vinavyoamsha gayogayo anayegoma. Sambaza (dagaa wa Kivu) mbichi iliyokatwakatwa mkunga mkubwa anaipenda, lakini ina mafuta na huchafua maji haraka. Mpe mara moja kwa wiki, na toa kinachobaki.

Namna ya kulisha: zima taa ya akwariamu na ya chumba, subiri nusu saa. Chukua mrija mrefu wa plastiki, vuta vipande kadhaa vya mnyoo ndani yake, shusha mpaka sentimita mbili mbele ya gayogayo, achia taratibu. Tulia. Kwanza macho yanaanza kuzunguka, kila moja na njia yake. Kisha anajiinua kwa ukingo wa mapezi, kichwa juu, kama mtu anayechungulia juu ya ua wa jirani. Anasogea kwa mawimbi, mwili wote ukiwa zulia linalotembea. Halafu anajiangusha juu ya mnyoo wote mzima, na unabaki kuona mchanga ukitibuka. Ukimwona ametema, kipande kilikuwa kikubwa.

Gayogayo mlishe kila jioni, kidogo. Mkunga-miiba mdogo kila siku, aliyekua mara tatu kwa wiki. Anguilla anaweza kukaa siku nyingi bila kula, usiogope. Gayogayo asipokula siku tano, ogopa.

8. Kifuniko

Nitaongea kwa kifupi kwa sababu hakuna la kujadili. Mkunga atatoka. Tundu la mpira wa hewa, pembe iliyokatwa kwa ajili ya waya, nafasi ya vidole viwili: anajua zote. Wangu alitoka usiku kwenye tundu la sentimita mbili, akavuka sebule, akaingia jikoni. Mke wangu alimkuta alfajiri nyuma ya mbabula (jiko la makaa), amevingirishwa vumbi la makaa kama mandazi kwenye unga. Alikuwa bado anapumua. Nilimsuuza kwa maji ya akwariamu, si ya bomba, nikamweka peke yake gizani na hewa nyingi. Alirudi kula siku ya tisa, na mpaka leo ana kovu ubavuni. Mkunga wa kweli ni hatari zaidi, maana hupumua pia kwa ngozi na anaweza kutembea kwenye majani yenye umande.

Kifuniko kiwe kizito, matundu yote yazibwe kwa sponji, na uzito juu yake. Gayogayo haruki sana, lakini hupanda kioo kwa kujibana kama ulimi, na maji yakiwa juu sana anaweza kutokea ukingoni. Acha sentimita tano bila maji.

9. Baridi, kukatika kwa umeme, na magonjwa

Bukavu iko mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na usiku sebule hushuka chini ya nyuzi 20. Mkunga-miiba wa Tanganyika anataka 24 hadi 27, kwa hiyo hita ni lazima. Trinectes, aliyezoea majira ya baridi kwao, anaridhika na 18 hadi 24, na Anguilla mossambica naye havunjwi moyo na hali yetu. Kama hutaki gharama ya hita, hao ndio wako.

Umeme ukikatika, na utakatika, kinachoua kwanza ni kukosa hewa, si baridi. Pampu ndogo ya betri iliyochajiwa kwa jua ni bora kuliko hita ya pili. Acha kulisha. Zungushia kioo blanketi, na kama giza linaendelea, elea chupa za maji ya moto zilizofungwa vizuri. Umeme ukirudi baada ya saa nyingi, kichujio kilichosimama kikiwa kimefungwa kisafishe kabla ya kukiwasha. Maji yaliyooza ndani yake yasirudi kwa samaki.

Dawa: ngozi ya samaki hawa ni laini, magamba yao ni madogo mno au yamezama. Dawa zenye shaba usizitumie. Nyingine anza na nusu ya kipimo. Madoa meupe kama chumvi kwenye ngozi mara nyingi huondoka kwa chumvi gramu mbili kwa lita, joto likiongezwa polepole na hewa ikiwa nyingi. Mchubuko upande wa chini wa gayogayo hautibiwi kwa dawa kabla ya mchanga kubadilishwa.

10. Akikua

Mkunga-miiba wengi wa Tanganyika huishia kati ya sentimita 30 na 50, kioo chetu kinawatosha. Gayogayo hawa mara nyingi hawafiki sentimita 20. Anguilla ni habari nyingine: mossambica hupita mita moja, marmorata hukaribia mita mbili. Hawezi kuzaa nyumbani kwako, usiulize. Na yule wa Ulaya, Anguilla anguilla, yuko hatarini kutoweka kabisa na biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa tangu 2009. Akiletwa bila karatasi, usimguse.

Ukishindwa, usimwachie ziwani. Sambaza tunaowala waliletwa kutoka Tanganyika mwaka 1959, tukashukuru. Lakini mwaka 2006 alionekana mgeni mwingine wa Tanganyika, Lamprichthys tanganicanus, hakuna aliyemwalika, na sasa anagombea chakula kilekile na sambaza. Mpe mfugaji mwingine. Au mle, ila apikwe aive kabisa: damu mbichi ya mkunga ina sumu ambayo moto huimaliza, na wakati wa kumchinja usijiguse machoni.

Rafiki yangu wa Goma ana Anguilla mmoja aliyeletwa kutoka Tana akiwa na urefu wa kalamu. Miaka yote alikuwa wa kahawia na tumbo la njano. Mwaka jana tumbo lilianza kung'aa kama sufuria mpya, macho yakapanuka, chakula akakiacha. Hivyo ndivyo wanavyokuwa wakitaka kurudi baharini. Sasa kila usiku anazunguka ukuta wa mashariki wa kioo akisukuma kifuniko kwa pua. Matofali mawili yamekuwa manne, na rafiki yangu ameanza kuulizia lori linalokwenda Mombasa.